Siku Ulipobaki Umeketi Mbele ya Askofu

Wakesho mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Werugha kumuaga nyanya yako, na nyumba imekuwa kubwa ghafla. Sanduku lako liko hapa karibu na mlango. Nimelifunga na kulifungua mara nyingi, nikitafuta kitu nilichosahau, na kila mara sioni kitu. Kesho alfajiri unapanda basi, na keshokutwa Mungu akipenda utakuwa Kitale, kwenye chuo cha uuguzi, mahali ambapo mimi mama yako sijawahi kukanyaga. Leo nimefunga kibanda changu cha ushonaji mapema. Yule mama mwenye vitenge vya harusi amenuna. Acha anune, harusi yake ni Jumamosi na mtoto wangu anaondoka kesho.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji ya kunywa, wala za wavulana. Hayo nimekuimbia tangu uitwe chuoni, mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Nakuandikia lile ambalo nimelikwepa tangu ile Jumapili ya kipaimara. Unanijua. Naweza kubishana na muuza vitambaa mpaka yeye aombe maji ya kunywa, lakini neno dogo la kumwomba mtu msamaha hunikwama kooni kama mwiba wa samaki. Kwa mkono labda litapita.

Barua hii nitaiweka kati ya shuka zako, uione ukitandika kitanda huko. Utakapoisoma, jambo ninalotaka kulifanya jioni hii litakuwa limefanyika au limenishinda. Mimi nakuandikia kabla sijajua.

Nianze na shule yenu. Niliipenda ile shule, pengine kuliko ulivyoipenda wewe. Mimi nilikomea darasa la nane, na shule ya sekondari ya kanisa niliijua kwa kuipitia nje, nikisikia wasichana wakiimba zaburi asubuhi, sketi zao zimepigwa pasi. Ulipoitwa huko nililia mbele ya wateja. Baadaye nikawa fundi wao. Kila kanzu ya kwaya mliyovaa ilipita chini ya sindano yangu, na kila sherehe nilikuwepo, nimekaa safu ya mbele na akina mama wenzangu wa kanisa, kitambaa kichwani, nikijiona kama aliyeijenga shule kwa mikono yangu.

Mwaka wako wa mwisho ulikuwa na mambo. Kwenye tamasha la muziki mliimba ule wimbo wa Kidawida wa kuvuna mahindi, ukaanzisha wewe, na jaji mmoja akaacha kuandika akakutazama tu. Kisha chama chenu cha mazingira kikapanda miti kando ya ua, mkaimwagilia kwa maji ya kunawia miguu, na mti wa mwisho uliposhika mizizi, ndovu wakaingia usiku wakaila yote kama mboga. Hawakutosheka, wakaliangusha na tangi la maji. Hiyo ilikuwa wiki ya kipaimara. Mwalimu mkuu akawa anazunguka ameshika kichwa: Askofu anakuja, na shule nzima inachota maji kwa mitungi. Tulicheka sana siku hiyo, mimi na wewe, nilipokuja kuwapimia magauni. Nakumbuka kwa sababu ndiyo siku ya mwisho tuliyocheka pamoja namna ile.

Ulikuwa umechelewa kupokea kipaimara, na kuchelewa huko kulikuwa kwangu. Wenzako wa mtaani walishapokea wakiwa wadogo hapa kanisani Voi. Mimi nilitaka upokee shuleni, Askofu akiwepo, wazazi wote wakiona. Nilishona magauni meupe ya wasichana wote, na la kwako nikalishona mwisho, nikaliwekea lasi kwenye mikono, na pindoni nikaacha kitambaa cha ziada kwa sababu ulikuwa bado unarefuka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilisifiwa sana kwa magauni yale, nami nikavimba.

Basi ikaja Jumapili yenyewe. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Majina yakaanza kusomwa, mmoja mmoja akasimama, akaenda mbele, akapiga magoti. Likasomwa jina lako. Nikanyoosha shingo. Likasomwa tena. Nikakuona umeketi mahali pako, mgongo umenyooka, mikono mapajani, macho mbele. Hukuwa unalia. Hukuwa unatetemeka. Umeketi tu. Askofu akakutazama kidogo, kwa upole nadhani, ingawa wakati ule sikuona upole wowote mahali popote. Kisha akaashiria jina linalofuata lisomwe.

Mama Mghoi jirani yetu, aliyekuwa kando yangu, akaninong'oneza, "Mama Wakesho, kwani ni mgonjwa?"

"Tumbo," nikasema.

Nikadanganya ibadani, mbele ya madhabahu, na Askofu namwona. Ibada iliyobaki sikuisikia. Nilisikia tu shingo za watu zikigeuka.

Baada ya ibada nilikuvuta nyuma ya bwalo, pale penye kuni. Unakumbuka nilivyoanza. Sikukuuliza kama u mzima. Nilisema, "Umenivua nguo mbele za watu."

Ukaniambia, taratibu, "Mama, Kasisi alitufundisha mwenye kinyongo na mtu akamalizane naye kwanza, ndio aende mbele. Mimi niko na kinyongo."

"Na nani?"

"Na wewe."

Mwanangu, nimewahi kuchomwa na sindano ya cherehani ikapita kidole upande hadi upande. Haikuuma hivyo.

"Mimi nimekukosea nini? Nimekunyima nini?"

"Nyanya alirudishwa kwa geti."

Ukaendelea, na sauti yako sasa ndiyo ilikuwa inatetemeka. "Yule mzee wa geti aliniambia juzi. Nyanya alikuja visiting day ile mimi nilikuwa nimekaa na wewe kwa nyasi tukikula. Aliambiwa jina lake limekatazwa. Akakaa hapo nje kwa jiwe mpaka jua likageuka. Akaacha kikapu. Nililetewa jioni, Mama. Kimanga chake cha mihogo ya kuponda kilikuwa kimeshachacha. Na ni wewe ulisema kwa ofisi asiingie."

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake nikasema, "Wewe ni mtoto, mambo ya watu wazima huyajui." Kisha nikaubeba mfuko wangu wa chapati na kuku, niliopika tangu jogoo wa kwanza kwa ajili ya sherehe yako, nikaondoka nao. Wenzako walikaa na wazazi wao wakila, na wewe nikakuacha na gauni jeupe na tumbo tupu. Nilifika nyumbani nikaweka chakula mezani nikakitazama mpaka kikapoa. Nikawapelekea watoto wa jirani, nikawaambia kilibaki.

Hilo la chapati hatujawahi kulitaja. Nalitaja leo.

Kisha ikaja Siku ya Maombi, kabla ya mtihani wenu. Kalamu ziliombewa, rula ziliombewa, hata vikokotoo viliombewa. Kasisi akatutaka kila mzazi amkabili mtoto wake, waangaliane, waambiane yaliyo moyoni, ili asiwepo mtoto wa kuingia kwenye mtihani na mzigo. Vilio vikaanza huku na huku. Mzazi mmoja aliyekuwa na tambo la askari alilia mpaka kofia ikadondoka. Mimi nikakushika mikono. Ilikuwa baridi. Nikakuambia, "Nimekusamehe."

Ukasema, "Asante, Mama."

Nikalia, nadhani kwa sababu kila mtu alikuwa akilia. Lakini nilipokuwa njiani kurudi Voi nikaanza kujiuliza nilikusamehe nini. Hukuwa umenikosea. Ulikataa kusema uongo mbele ya Mungu, na mimi niliyesema uongo wa tumbo ndiye niliyegawa msamaha. Niligawa kitu ambacho nilipaswa kukiomba. Na wewe, kwa adabu yako, ukakipokea.

Adabu yako, Wakesho! Tangu umalize mtihani umekaa nami hapa miezi yote hii. Umeniamkia kila asubuhi, umenipikia, umenisaidia kutia vifungo, umenijibu "ndiyo Mama" na "hapana Mama." Kuna mabinti wanaowatusi mama zao na jioni wanalala kitanda kimoja wakicheka. Wewe hukunitusi hata siku moja, na hukucheka nami hata siku moja. Hiyo adabu imenichoma kuliko pilipili.

Sasa nikueleze kwa nini nilimfungia nyanya yako geti. Umesikia vipande kutoka kwa watu. Ukweli wote hujausikia, kwa sababu mwenye nao ni mimi.

Baba yako alikuwa na kazi Mwatate, kazi ya mshahara. Ulikuwa mdogo bado, unakumbuka baiskeli yake labda. Kisha marafiki wakamjaza maneno ya mawe ya thamani, akaacha kazi akaenda Kishushe kuchimba. Hakuna barabara ya maana kule, gari lipite leo, lingine usubiri. Alikuwa anakuja nyumbani vumbi mpaka kwenye kope, na mfukoni ana vijiwe vya kijani visivyomnunulia hata chumvi. Nikamwambia nimechoka. Akasema, "Mara hii tu." Nikamwambia akienda tena asinitafute.

Asubuhi aliyoondoka mara ya mwisho nilikuwa kwenye cherehani, hapa hapa nilipo sasa. Alisimama mlangoni na begi lake. Akasema, "Basi mimi nimeenda." Sikuinua macho. Mguu wangu ukaendelea kukanyaga, sindano ikaendelea kushona. Sikuwa na kazi ya haraka. Kilikuwa kitambaa cha mto. Akasimama pale kidogo, halafu nikasikia viatu vyake kwenye changarawe, halafu nikasikia geti.

Alirudi akiwa amebebwa, miguu imevimba. Hospitalini wakasema figo. Walisema ugonjwa ulikuwa ndani ya mwili wake siku nyingi, na mimi nawaamini, na wewe unayekwenda kusomea kazi hiyo uniamini kwamba nawaamini. Lakini tulipompeleka Werugha kwa mama yake akapumzike, nyanya yako alinijia asubuhi moja na kikombe cha maji. Akasimama nami mlangoni, akasema kwa Kidawida, polepole, asisikike ndani, "Mwanangu, kama una neno juu ya mume wako, litoe. Tutase. Moyo wake upoe na wako upoe."

Wewe hukulelewa na kutasa, kwa sababu mimi sikutaka. Si uchawi, kama nilivyokuwa nikikuambia. Ni desturi ya watu wetu tangu zamani: mwenye hasira na mtu wake wa karibu hutia maji kinywani, akayapuliza nje, akaitaja hasira yake kwa jina, akatamka kwamba imetoka. Wazee wanasema hasira ya mtu wa karibu, hata akiificha, hata akiisahau, humfuata yule aliyekasirikiwa. Ndiyo maana mtu haondoki kwa safari kabla ya walio nyumbani kutoa yaliyo mioyoni mwao.

Nami nilisikia nini? Nilisikia, "Wewe ndiwe unayemuua mwanangu." Nikampandishia sauti yule mama. Nikamwambia mimi ni Mkristo, nimewekewa mikono na Askofu, nami naomba kwa jina la Yesu, sitemi mate mlangoni kama washenzi. Nilimwambia hivyo yeye, ambaye alipokea kipaimara kabla mimi sijazaliwa, anayejua nyimbo za kanisa zote bila kitabu. Aliyamwaga yale maji taratibu chini ya mgomba, akaingia ndani kwa mwanawe.

Baba yako alifariki wiki hiyo. Kati ya siku ile na kufa kwake, nilimwosha, nilimlisha, nilimgeuza, nilifanya kila kazi ya mke. Lakini neno la kupoa sikumpa. Niliona nikilisema, nitakuwa nimekubali kwamba mama yake alikuwa sahihi.

Hapo ndipo chuki yangu ilipoanzia. Nilimchukia kwa sababu aliniona. Watu wote walimwona mjane mwenye subira, yeye peke yake aliona kilichokuwa ndani. Na mtu akikuona hivyo, una mawili: umshukuru au umkimbie. Nikakuchukua tukarudi hapa Voi, nikazuia likizo za Werugha, nikasema ni kwa ajili ya masomo. Na aliposhuka mlimani na kikapu chake kuja kukuombea kabla ya mtihani, mimi nilikuwa nimeshapita ofisini mapema. Nilijua atakuja. Nilijua atakuwa na maji.

Sikiliza lililotokea juzi, kwa sababu wewe ulikuwepo na hukujua limetokea. Nilikuwa nashona foronya zako. Ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, naweza kwenda kumuaga nyanya?" Sikuinua macho. Mguu ukaendelea kukanyaga. Ukasubiri. Na katika ile sauti ya cherehani nikamsikia baba yako amesimama pale pale uliposimama wewe, na mimi nikishona kitambaa cha mto tena. Mungu wangu. Nguo zile zile, mlango ule ule, ukaidi ule ule.

Mguu ukasimama wenyewe. Nikakutazama. Nikasema, "Nenda."

Ukashtuka. "Kweli?"

"Nenda. Na umwambie ashuke nawe."

Ulinitazama kama mtu aliyesikia ndovu anaongea. Hukuuliza zaidi, ukaenda kuchagua nguo kabla sijageuza kauli. Ulinijua vizuri.

Na leo mchana umenipigia simu, mtandao unakatika, upepo wa Werugha unavuma kwenye simu. Ukasema, "Mama, nyanya yuko tayari. Lakini anauliza swali."

"Swali gani?"

"Anauliza kama geti liko wazi."

Nilitaka kujibu. Nilifungua mdomo. Mtandao ukakatika, au labda nilikaa kimya mno ukadhani umekatika. Hujapiga tena. Kwa hiyo sijui kama anakuja. Nimepika kimanga, mwenzio, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na kimekuwa kigumu kama udongo wa kufinyangia. Mihogo niliyopata sokoni haikuwa ya kuponda. Atanicheka, akija. Namwomba Mungu aje anicheke.

Nimeweka maji kwenye kikombe. Mwenye hasira ndiye hutasa, hawezi kufanyiwa na mtu. Naogopa nitakapofika mbele yenu nitaanza kukohoa, au nitakumbuka jambo la jikoni. Ndiyo maana nayaandika hapa kwanza, ili hata nikishindwa kinywani uwe nayo.

Nilimkasirikia baba yako kwa kuondoka, na kwa vile vijiwe vyake, na kwa kusema "mara hii tu." Zaidi nilimkasirikia kwa kufa kabla sijamaliza kumkasirikia. Itoke. Ipoe.

Nilimkasirikia nyanya yako kwa kuniona. Nilimwacha kwenye jiwe juani, mama wa mume wangu, mwenye kikapu cha mtoto wangu. Itoke. Ipoe.

Nilikukasirikia wewe kwa sababu uliketi. Nilijali shingo za watu kuliko moyo wako. Nikakuacha na njaa siku uliyovaa gauni nililokushonea kwa mikono yangu. Nikakusamehe wakati mimi ndiye niliyestahili kupiga magoti. Itoke, mwanangu. Yote itoke, ipoe, usiende Kitale na hata punje yake mgongoni.

Na lile neno lililonikwama: nisamehe. Hapo. Limepita.

Ulifanya vyema kuketi. Mimi umri huu wote nimekuwa mtu wa kusimama jina langu linaposomwa. Nilisimama kipaimarani, nilisimama kwenye ndoa, nilisimama kwenye maziko nikaimba ubeti kwa ubeti, na ndani sikuwa na hata robo ya ukweli uliokuwa nao wewe umekaa kwenye benchi lile. Sisemi hivi ili uvimbe kichwa. Nakuambia kwa sababu mama zako wengine watakuambia uliaibisha, na mimi niliyeaibika nakuambia hapana.

Gauni lile liko chini kabisa sandukuni. Usishtuke. Nilitaka kulikata nitengeneze vitambaa vya meza, nikachukua mkasi, mkono ukakataa. Ile ziada ya pindoni bado ipo, ukihitaji kulishusha fumua uzi wa ndani tu. Huko pia kuna kanisa na kuna Askofu. Siku ukiwa tayari utalivaa, na kama haitakuwepo siku hiyo, likate umshonee mtoto wa mtu mapazia. Simama kwa sababu yako. Usisimame kwa ajili ya safu ya mbele.

Utakuwa muuguzi. Utakaa na watu wanaoondoka, wengine kwenda nyumbani, wengine kwenda mbali zaidi. Sijui chochote cha kazi hiyo na sitajifanya najua. Najua jambo moja tu, nililinunua ghali. Mtu akisimama mlangoni akasema "basi mimi nimeenda," inua macho. Hata kama umekasirika naye. Hasa kama umekasirika naye. Hasira itakungoja, haina haraka, utaikuta hapo hapo ukirudi. Yeye huenda usimkute. Ukiona wauguzi wenzako wanamkemea mama fulani wa mlimani anayepuliza maji kando ya kitanda cha mwanawe, mwambie tu asilowanishe dawa. Muache amalize.

Sina hakika kama hasira ya moyoni husafiri hadi Kishushe ikamwingia mtu kwenye figo. Nimeliwaza sana na sijapata jibu, na Kasisi naye nilipomuuliza alisema tuombe. Lakini kwamba hasira ilinila mimi, hilo nina hakika nalo. Ilimla na baba yako aliyekuwa ndani yangu, hata nilipotaka kumkumbuka akicheka nilimkumbuka akiwa mlangoni tu. Tangu juzi nimeanza kumkumbuka kwenye baiskeli, wewe umekaa mbele kwenye bomba, unapiga kengele bila sababu, na yeye anaimba vibaya. Alikuwa anaimba vibaya sana. Sauti yako umeitoa kwa nyanya yako.

Jua limeanza kushuka nyuma ya mlima. Majirani wameanza kuwasha majiko. Ukija peke yako sitakulaumu, wala yeye sitamlaumu, nami nitapanda Werugha mwenyewe nikishakupeleka kwenye basi, nikae kwenye jiwe lake mpaka afungue.

Ngoja. Mbwa wa Mama Mghoi anabweka. Nasikia sauti yako nje, na nyingine polepole nyuma yake, inakuambia usiharakishe, magoti yanamuuma. Umeshika geti, nasikia mabati. Usilifungue wewe, mwanangu. Nakuja kulifungua mwenyewe.

Mama yako